Land Rover ya mjomba: milioni 14 za kalenda, milioni 30 za daftari

Mjomba aliandika bajeti yake nyuma ya kalenda ya ukutani ya mwaka 2020, iliyokuwa imeshakwisha kazi. Kununua gari milioni 4.5. Chesisi na bodi milioni 3. Injini milioni 2.5. Rangi milioni 1.8, matairi milioni 1.2, mengineyo milioni 1. Jumla milioni 14. Akapiga mstari, chini yake akaandika "Kuuza: 25" na kuizungushia duara mara mbili. Faida milioni 11, kazi ya miezi minane.

Gari liliuzwa Machi 2024, miezi 37 baada ya kununuliwa. Kesho yake aliniita nimfungie hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Nikaomba kila kitu: risiti, jumbe za pesa za kwenye simu, vipande vya maboksi ya spea vilivyoandikwa bei, na daftari la gereji lenye alama za vidole vya grisi. Ilinichukua jioni nne. Ninachokiandika hapa kimetoka kwenye karatasi hizo, na mjomba amekubali kwa sharti kwamba jina lake lisionekane, wala la fundi yeyote aliyeshika gari lile. Nilichokuwa nakitafuta ni kimoja, zile milioni 11 zilipotelea wapi. Nilikuwa na hakika nitazikuta kwenye injini. Sikuzikuta huko.

Gari lenye mayai

Ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, milango mitano, petroli ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, na Land Rover ya milioni moja ilitoka kiwandani humohumo katikati, mwaka 1976. Kwa hiyo si gari adimu, na hilo mjomba alipaswa kulipima mapema. Huku kwetu Kaskazini ndizo zilizobeba mapadri, mabwana shamba, madaktari wa wilaya, wagonjwa na majeneza. Hii ilikuwa ya misheni, ikauzwa kwa mzee mmoja wa Machame, mzee akafariki, gari likabaki chini ya mparachichi. Tulipokwenda kuliona Februari 2021 kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mama mwenye nyumba alituomba tungoje kidogo, atoe mayai.

Bei walitaka milioni 6, ikaishia 4.5. Mjomba akafurahi sana. Mimi nikauliza kadi.

Kadi ilikuwepo, imekunjwa ndani ya Biblia, lakini ilisoma jina la marehemu. Watoto watano, mmoja yuko Mwanza na simu yake haipokelewi. Ikabidi familia ikae kikao, imteue mmoja, aende mahakama ya mwanzo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo auze kihalali. Nauli za watoto, chakula cha kikao, ada, lori la kulibeba gari hadi Moshi mjini, na kuhamisha umiliki vilifika shilingi 1,150,000 na wiki saba. Hakuna hata senti moja ya hizo kwenye kalenda. Bahati tuliyopata ni kwamba ada ya mwaka ya gari, ile tuliyozoea kuiita rodi laisensi, ilishafutwa katika bajeti ya 2017/18 na malimbikizo yake yakasamehewa. Zamani gari lililolala miaka kumi lilikuja na deni linaloweza kuzidi bei yake.

Kutu inakokaa

Watu husifu Land Rover kwamba haiozi. Wanasifu ngozi. Zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikafanywa ya mchanganyiko wa aluminiamu. Mifupa ikabaki ya chuma: chesisi, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Pale aluminiamu inapogusana na chuma na maji yakapita, aluminiamu huanza kuliwa. Na chesisi yenyewe ni kama boksi refu, bati nne zimechomelewa pembe kwa pembe. Tope huingia ndani kupitia matundu, hukaa, hunyonya unyevu. Inaoza kutoka tumboni kuja nje, wakati nje unaona rangi nyeusi safi inayong'aa.

Fundi wa pili, ambaye ndiye aliyekuja kulimaliza gari, alinionyesha jinsi ya kuipima. Anachukua nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, anatembea nayo kwa magoti toka mbele kwenda nyuma, anagonga kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinajibu, sauti inakwenda mbali. Alipofika nyuma ya mlango wa pili, sauti ikafa. Ikawa kama kugonga boga. Akageuza bisibisi, akaisukuma kwa kidole gumba, ikazama hadi kwenye mpini. Akaichomoa na kumwaga mchanga mwekundu chini, kama gramu mia, akanitazama. "Mhasibu, hii ndiyo chesisi mliyonunua."

Tatizo ni kwamba huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikwishalipwa 900,000 kuweka viraka juu ya kutu. Bati jipya halishiki kwenye bati lililooza, hilo hata mimi nisiyejua kuchomelea ninalielewa, lakini viraka vilipakwa rangi nyeusi vikapendeza. Miezi minne baadaye bodi iliporudishwa juu ya chesisi, kiraka cha karibu na shikio la springi ya nyuma kilipasuka kwa sauti tuliyoisikia tukiwa tunakunywa chai. Bodi ikashushwa tena. Sehemu yote ya nyuma ikakatwa, ikajengwa upya kwa bati la milimita 3, ndani ikamiminwa oili chafu iwe kinga. Milioni 2.6. Ongeza zile 900,000 za bure, na siku za kupandisha na kushusha bodi.

Fundi yule wa kwanza alifanya na jambo jingine ambalo siku hiyo hakuna aliyelitilia maanani. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye shikio la springi ya mbele, upande wa kulia. Ni herufi na tarakimu ndogo, huzioni mpaka ufute matope. Jumamosi moja mjomba alifika gereji akakuta shikio hilo linang'aa kama sahani ya harusi. Kutu yote imeondolewa kwa mashine ya kusagia, na namba imeondoka nayo. Zilibaki tarakimu nne za mwanzo, na ya nne ilikuwa kivuli. "Nimekusafishia hapo, mzee," fundi alisema, na alisema kwa kujivunia. Mjomba alimshukuru. Bamba dogo lenye namba ileile lilikuwepo ndani ya gari, kadi ilisoma sawa na bamba, basi tukaendelea na maisha. Kazi ile ya mashine, kwa kukadiria, ilikuwa ya dakika kumi. Nitairudia mbele.

Injini, na kwa nini mjomba hakutaka dizeli

Kila aliyepita gereji alikuwa na ushauri mmoja: toa hiyo petroli, weka dizeli. Wana sababu. Gari hilo linakwenda kilomita tano au sita kwa lita likiwa zima, na petroli mwaka 2023 ilikuwa inachezea shilingi 3,000 kwa lita. Land Rover nyingi za zamani zinazofanya kazi Tanzania leo zimeshabadilishwa injini, wengi wakiweka 300Tdi, injini ya dizeli iliyotoka kwenye Land Rover za baadaye, Defender au Discovery, wengine injini za Kijapani.

Mjomba alikataa. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba mwaka 2016 kampuni yenyewe ya Land Rover ilianza kufufua Series I chache, Land Rover za kwanza kabisa, na kuziuza kwa pauni 60,000 hadi 80,000. Akazidisha kwa shilingi, akaona kizunguzungu kizuri. Namba ya injini kwenye blok ilikuwa ileile ya kutoka kiwandani, na mtu mmoja alimwambia kwamba wazungu wanalipia hilo. Mtu huyo hakukosea, tutaona.

Ila hesabu ya zile pauni 60,000 inahitaji kufunuliwa, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Nilihesabu siku za mafundi kwenye daftari la gereji. Bodi, kuchomelea, injini, rangi, umeme, zilifika siku 214. Kwa saa nane kwa siku ni saa 1,712. Uingereza saa ya fundi wa magari ya kale si ajabu kuzidi pauni 50. Zidisha: ni zaidi ya pauni 85,000 kwa mikono peke yake, kabla hujanunua hata msumari. Kwa hiyo bei ile ya kiwandani ambayo mjomba aliiona kama faida, sehemu kubwa ni mshahara wa mafundi. Hapa Moshi siku ya fundi wetu ilikuwa shilingi 25,000, kwa siku 214 ni milioni 5.35. Ndiyo faida pekee tuliyonayo sisi dhidi yao: saa zetu ni rahisi. Spea zetu ni ghali kuliko zao, kwa sababu ni zao zilizopanda ndege.

Na zilipanda ndege mara nne. Pistoni na ringi kwanza. Kisha raba za milango, kwa sababu hatukujua kwamba za gari la skrepa tulilonunua kwa ajili ya spea zimekauka zote. Kisha silinda za breki. Kisha kifuko cha gasketi, maana cha kwanza kilikuwa cha injini yenye krenki ya beringi tano, inayoanzia 1980, na yetu ya 1978 ni ya beringi tatu. Thamani ya spea zote nne zikijumlishwa ilikuwa kama pauni 750. Usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 viliongeza milioni 2.3, yaani karibu sawa na bei ya spea zenyewe. Kifurushi kimoja kilichopangwa vizuri kingeokoa labda robo ya hapo. Lakini ili upange kifurushi kimoja, lazima ulivue gari lote kwanza, uandike orodha, ndipo uagize. Sisi tulikuwa tunaagiza huku tunavua.

Injini yenyewe ilipanuliwa silinda kwa mkerezaji wa Arusha, krenki ikasagwa, kichwa kikanyooshwa, valvu mpya. Milioni 3.4. Kalenda ilisema 2.5. Nikiri kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri kuliko zote, na ndiyo niliyokuwa nimeituhumu.

Daftari

Hivi ndivyo lilivyofungwa, kwa shilingi:

Kununua gari: 4,500,000
Lori, mirathi, kadi: 1,150,000
Chesisi, mara mbili: 3,500,000
Bodi na ukuta wa mbele: 2,850,000
Injini: 3,400,000
Gia boksi, difu, klachi, breki: 2,700,000
Waya na taa: 650,000
Rangi: 2,400,000
Viti, raba, vioo, kitambaa cha dari: 1,950,000
Matairi matano: 2,100,000
Usafiri na kodi za spea: 2,300,000
Kodi ya kibanda, miezi 30 kwa 50,000: 1,500,000
Betri, nauli, vocha, chai ya mafundi: 1,300,000
Jumla: 30,300,000

Kalenda ilikosea kwa milioni 16.3. Nikazigawa mara mbili. Vitu vilivyokuwemo kwenye kalenda lakini vikazidi bei, yaani chesisi, bodi, injini, rangi, matairi na mengineyo, vilikula milioni 6.05. Vitu ambavyo havikuwemo kabisa vilikula milioni 10.25. Breki za gari hazikuwemo. Viti havikuwemo. Mjomba ni mtu mzima aliyeendesha magari miaka arobaini, na hakukumbuka kwamba gari lina breki. Si uzembe. Ukiliona gari bovu unaona kilichoharibika. Vile vilivyokaa kimya mahali pake unavihesabu kuwa vizima.

Na kibanda. Milioni 1.5 ya kulipia gari likae. Kati ya miezi 30, nilipolinganisha na daftari la gereji, kumi na mmoja haina siku hata moja ya kazi. Gari lilikuwa linangoja spea, au linangoja mjomba auze kahawa, au fundi alikuwa amepata kazi ya haraka ya kampuni ya watalii na akatuweka pembeni. Katika miezi hiyo dola ilipanda toka kama shilingi 2,300 hadi kama 2,500, na mwaka 2023 kuipata tu dola yenyewe benki ilikuwa kazi. Spea tuliyoiahirisha iliongezeka bei ikiwa imelala kwenye rafu ya Uingereza.

Kuna biashara moja ndogo sijaiingiza juu, nayo ndiyo iliyonifurahisha. Agosti 2021 mjomba alinunua skrepa ya 109 nyingine huko Himo kwa milioni 1.2, kwa ajili ya milango miwili na boksi la stelingi. Akavitoa alivyotaka. Kilichobaki, difu ile nzito ya nyuma ya Salisbury, gia boksi na paa lenye mfuniko wa pili wa kukinga jua, vilichukuliwa na mafundi wa Arusha ndani ya wiki sita, kwa jumla ya 1,750,000. Milango ikawa ya bure na 550,000 mfukoni. Kwa muda na mtaji uliowekwa, hiyo ndiyo faida nene kuliko yoyote katika kisa hiki chote, na aliipata kwa kulikata gari, si kwa kulifufua.

Wanunuzi watatu

Wa kwanza alikuja Mei 2022, mwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Chesisi ilikuwa imekwisha, bodi iko juu, injini haijaguswa. Akazunguka mara mbili, akasema: "Mzee, iwekee dizeli na ukate paa lifunguke juu, nakupa milioni 32. Viti na rangi niachie mwenyewe." Mjomba akamwambia gari halikatwi. Nimeipiga hesabu hiyo ofa baadaye. Toa matengenezo ya petroli, viti, nusu ya rangi, sehemu kubwa ya gharama za ndege na miezi kumi na miwili ya kibanda, ongeza kama milioni 6.5 za 300Tdi iliyotumika pamoja na kuifunga. Gari lingesimama kwenye kama milioni 28. Faida milioni 4, na pesa ingekuwa mkononi kabla ya mwaka 2022 kwisha.

Nani aseme mjomba alikosea, hata hivyo? Alikuwa analiandaa gari kwa ajili ya mnunuzi mwingine, na mnunuzi huyo alijitokeza kweli. Novemba 2023, miezi mitatu baada ya gari kukamilika, Mwingereza mmoja aliona picha zake mtandaoni. Mkusanyaji wa magari ya kale. Alitoa pauni 13,000 likiwa bandarini Dar es Salaam, meli juu yake. Kwake Uingereza gari lililozidi miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili huingia bila ushuru wa forodha, kwa VAT ya asilimia 5 tu, ndiyo maana hesabu zake zilimruhusu kufika huko. Kwa shilingi ilikuwa kama milioni 41. Akauliza maswali ambayo kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kutuuliza. Injini ni yake? Ni yake. Picha ya namba ya blok? Ikapigwa, ikatumwa. Rangi hii ya kijani ndiyo ya asili? Mjomba akamtumia picha ya chini ya kiti, tulikokuta kijani hicho kimejificha chini ya bluu na nyeupe. Mwingereza akasema ataagiza cheti kutoka hifadhi ya kumbukumbu za viwanda vya magari iliyoko Gaydon, kinachoonyesha gari lilitoka lini na lilipelekwa nchi gani. Kilichobaki ni picha ya namba iliyogongwa kwenye chesisi.

Mjomba alituma picha za kila kitu isipokuwa hiyo. Akaulizwa tena. Akatuma ya bamba la ndani. Jibu lilikuja siku mbili baadaye, la kistaarabu sana: samahani, bamba linashikiliwa na skrubu, na mabamba kama hayo yanauzwa mtandaoni yakiwa matupu, unagonga namba uitakayo. Bila namba kwenye chuma, hawezi kuithibitishia serikali yake kwamba gari ni lile lililo kwenye cheti, wala yeye mwenyewe hawezi kuliuza tena kwa bei ya maana. Akatutakia heri.

Hapo ndipo ziliko milioni zangu nilizokuwa nazitafuta, au angalau rundo lake kubwa kuliko yote. Tofauti kati ya alichotoa Mwingereza na alichopata mjomba mwishoni inazidi milioni 8. Injini na gia boksi, difu, klachi na breki, vyote kwa pamoja, viligharimu milioni 6.1. Dakika kumi za mashine ya kusagia zilikuwa ghali kuliko mfumo wote unaolisukuma na kulisimamisha gari. Na hazimo kwenye daftari. Nimepekua risiti zote. Hakuna mahali zilipoandikwa.

Wa tatu ndiye aliyenunua. Ana loji upande wa Karatu. Alifika Machi 2024 na dalali, akafungua mlango, akanusa. Kijani kilichokolea, paa rangi ya maziwa, viti vya turubai, ile harufu ya mafuta na kitambaa kipya. Hakufungua boneti. Aliuliza kama linaweza kusimama mbele ya mapokezi na kubeba maharusi hadi kwenye bwawa la viboko, kilomita tatu. Milioni 34, asilimia 5 ya dalali, mjomba akabaki na 32,300,000. Huyu angelipa pesa hizohizo hata injini ingekuwa ya mashine ya kusaga. Milioni 3.4 za injini ya petroli, pistoni za ndege, wiki za Arusha kwa mkerezaji, zilikuwa za mtu mwingine ambaye hakununua.

Kwa karatasi, basi, ni faida ya milioni 2. Ukiweka na skrepa ya Himo, 2,550,000. Mjomba aliitangaza hiyo kwenye kikao cha ukoo na akapigiwa makofi. Sikusema kitu pale, ila nyumbani nilimwonyesha upande wa pili. Alikwenda gereji Jumamosi kama 110, akishika kamba, akipiga msasa, akisafisha nati kwa dizeli. Kwa posho ya msaidizi wa fundi, 15,000 kwa siku, ni 1,650,000. Na pesa zenyewe zilikuwa zimelala. Ukitumia asilimia 10 tu kwa mwaka, wakati hati fungani ya serikali ya miaka 20 ilikuwa inatoa 15.49 mpaka ilipopunguzwa mwaka 2022, zingekuwa zimezaa zaidi ya milioni 6. Kwa hesabu hiyo alipoteza kama milioni 3.5 bila Jumamosi zake, na zaidi ya milioni 5 ukiziweka.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hati fungani huwezi kuipigia msasa. Nikamwambia hiyo siwezi kuiingiza kwenye daftari. Akasema sawa, usiiingize.

Oktoba mwaka huohuo Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha lile la kutafuta rekodi ya Guinness, na mjomba akaenda kutazama. Alikaa siku mbili. Tangu hapo simu yake hailali. Watu wamejua kwamba amewahi kufufua moja, wanamtaka akawaangalizie kabla hawajatoa pesa: Sanya Juu, Same, Mto wa Mbu. Anatoza 100,000 na nauli, na mpaka sasa amekwenda mara kumi na nne, mtaji wake ukiwa tochi, chaki na bisibisi. Wenye magari hukimbilia kumfungulia boneti wamwashie asikie injini inavyonguruma. Yeye huomba kwanza kitambaa chenye maji. Anainama kwenye springi ya mbele, upande wa kulia, anafuta matope taratibu, anasugua chaki juu ya chuma, kisha anapuliza.